Mbio mbili kwa siku moja: Albert Hill na miaka aliyonyang'anywa na vita

 Leo tunaleta historia ya mbio. Msidhani ni habari za Wazungu wa zamani tu. Mkisoma hadi chini mtaona inatuhusu.

Swali letu ni hili: mtu aliyepita umri wa ujana anaweza kukimbia mita 800 na mita 1500 siku moja na kuzimaliza zote vizuri? Tunauliza kwa sababu hapa kwetu michezo ikiandaliwa, fomu huja zimeandikwa umri wa miaka 15 hadi 24. Ukizidi hapo kazi yako ni kupiga makofi na kubeba maji. Sasa mfikirieni mtu aliyevuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 akiwa na miaka 10. Wakati ule hakuna aliyekuwa anawaza mashindano, watu walikuwa wanatafuta turubai, kuni na mgawo wa chakula. Leo mtu huyo anakaribia miaka 40 au ameshaipita. Fomu ndo zimefika, ila umri wake umeshapita. Utoto ulikwenda na vita, ujana ukaenda na foleni, na sasa anaambiwa amezeeka.

Sisi tunasema jambo hili sio geni duniani. Zaidi ya miaka 100 iliyopita lilimkuta mfanyakazi mmoja wa reli kule Uingereza.

Mkimbiaji aliyecheleweshwa

Albert Hill alizaliwa London mwaka 1889. Mwaka 1910, akiwa na miaka 21, alishinda mbio za maili nne katika mashindano ya AAA, ambayo ndiyo yalikuwa mashindano makubwa ya riadha Uingereza. Baadaye akashuka kwenye masafa ya kati, yaani mbio kama mita 800 na mita 1500, ambazo ni ndefu mno kwa mtu wa kasi tupu na fupi mno kwa mtu wa pumzi tupu. Mwaka 1914 akamaliza wa pili katika yadi 880, ambazo ni kama mita 805. Alikuwa na miaka 25. Michezo ya Olimpiki iliyokuwa inafuata ilipangwa Berlin mwaka 1916. Kwa mkimbiaji wa masafa ya kati, miaka 25 hadi 27 ndo wakati wenyewe.

Agosti 1914 vita vikaanza. Olimpiki ya Berlin ikafutwa. Hill akapelekwa Ufaransa na Kikosi cha Ndege cha Uingereza, akafanya kazi ya simu ya upepo. Miaka ambayo alipaswa kuwa uwanjani akaimaliza vitani, hakuna shindano, hakuna mazoezi ya maana.

Aliporudi alikuwa na miaka 30. Siku zile mkimbiaji wa umri huo alihesabiwa kuwa ameshamaliza. Wengi wangeshukuru Mungu kwa kurudi wazima na kuachana na viatu vya mbio. Hill akaenda kwenye mashindano ya AAA ya mwaka 1919, uwanja wa Stamford Bridge, na siku moja akashinda yadi 880 na maili moja, ambayo ni kama mita 1609. Mbio mbili, mshindi mmoja, na mwenyewe ametoka vitani juzi tu.

Kocha wake alikuwa Sam Mussabini, mtu wa kupima kila kitu kwa saa. Mussabini hakumfundisha kukimbia kwa hasira. Alimfundisha kugawa nguvu: mzunguko wa kwanza kwa muda fulani, wa pili kwa muda fulani, na akiba ya mwisho isiguswe hadi itakiwe. Kwa mtu anayetaka kukimbia mara mbili, hesabu ni muhimu kuliko ujasiri.

Antwerp, mji uliokimbiwa

Olimpiki ya 1920 ikapelekwa Antwerp, Ubelgiji, kuwaheshimu watu wa nchi ile kwa mateso waliyopata vitani. Hapa tusimame kidogo, maana vitabu vingi vya michezo vinapita haraka. Oktoba 1914 Antwerp ilipoanguka mikononi mwa Wajerumani, watu walikimbia kama sisi tulivyokimbia. Karibu watu milioni moja waliingia Uholanzi wakiwa na vifurushi kichwani na watoto mkononi. Wengine takriban 250,000 wakapokelewa Uingereza. Uholanzi ilijenga kambi kwa waliobaki. Kwa hiyo mwaka 1920 baadhi ya waliokaa kwenye majukwaa kutazama mbio walikuwa watu waliowahi kupanga foleni ya supu katika nchi ya wengine.

Na vita hivyohivyo vilifika hadi hapa Kigoma. Meli ya Wajerumani Graf von Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili isichukuliwe na maadui. Iliibuliwa mwaka 1924, ikapewa jina la Liemba. Ndo ileile MV Liemba iliyowabeba ndugu zetu Warundi kutoka Kagunga kuja Kigoma mwaka 2015. Dunia ni ndogo, vita vyake ni vikubwa.

Turudi kwa Hill. Kabla ya kwenda Antwerp alishindwa na Bevil Rudd wa Afrika Kusini katika yadi 880. Inasimuliwa kwamba viongozi walisita kumruhusu akimbie mbio zote mbili, wakiona umri wake na matokeo yale. Yeye akasisitiza. Ratiba ilikuwa ngumu: mbio tano ndani ya siku tano, kuanzia tarehe 15 hadi 19 Agosti. Mchujo wa mita 800, nusu fainali, fainali, halafu kesho yake mchujo wa mita 1500, na keshokutwa fainali yake.

Tarehe 17 Agosti akashinda mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 53.4. Earl Eby wa Marekani akawa wa pili, Rudd wa tatu. Tarehe 19 akashinda mita 1500 kwa dakika 4 na sekunde 1.8. Alikuwa na miaka 31. Mwingereza mwingine kushinda mbio hizo mbili katika Olimpiki moja hakuonekana mpaka Kelly Holmes, mwaka 2004 kule Athens. Hesabuni wenyewe, ni miaka 84. Na Holmes naye alikuwa na miaka 34, mwanajeshi wa zamani, aliyekuwa ameandamwa na majeraha miaka mingi.

Aliyekuwa wa pili nyuma ya Hill

Kuna mtu wa pili katika fainali ile ya mita 1500 ambaye sisi wakimbizi tunapaswa kumjua. Anaitwa Philip Noel-Baker, alikuwa na miaka 30. Vitani hakushika bunduki. Imani yake ya Quaker haikumruhusu, akaongoza kikosi cha magari ya wagonjwa. Katika fainali ile inasimuliwa kwamba alikimbia akimlinda mwenzake Hill wasimzingire, kisha mwenyewe akamaliza wa pili.

Baada ya mbio zile Noel-Baker alikwenda kufanya kazi na Umoja wa Mataifa wa wakati ule, akamsaidia Fridtjof Nansen. Huyu Nansen ndiye Kamishna Mkuu wa kwanza wa Wakimbizi, aliyeteuliwa mwaka 1921. Ndiye aliyeanzisha pasipoti ya Nansen, karatasi iliyowawezesha watu wasio na nchi kuvuka mpaka kihalali. Hati anazopewa mkimbizi leo zina babu yao pale. Mwaka 1959 Noel-Baker alipata Tuzo ya Amani ya Nobel kwa kazi yake ya kupinga silaha.

Kwa hiyo fainali ile moja ilikuwa na wanaume wawili waliopita miaka 30, mmoja ametoka vitani, mwingine anaelekea kwenye kazi ya wakimbizi, na wote wakawaacha vijana nyuma. Mtu mzima sio gari bovu. Wahenga walisema utu uzima dawa.

Mwili unawezaje?

Sasa wale wanaosema "wazee watazimia uwanjani" nao wana hoja, tusiwapuuze. Mita 800 ni mbio ya kuumiza. Misuli inatumia nguvu haraka kuliko hewa inavyofika, asidi inajaa, miguu inakuwa mizito kama imefungiwa matofali. Kijana hupona haraka. Mtu wa miaka 40 hupona pia, ila polepole zaidi, na misuli ya nyuma ya mguu pamoja na kano za kisigino hukatika kirahisi zikiwa za baridi. Kwa hiyo siri ya mbio mbili iko kwenye ile nafasi ya katikati kuliko kwenye mbio zenyewe.

Mwalimu wetu hapa ni Paavo Nurmi wa Ufini. Tarehe 10 Julai 1924, Olimpiki ya Paris, alishinda mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 53.6. Mchana uleule, muda mfupi tu baadaye, akaingia tena uwanjani akashinda mita 5000 kwa dakika 14 na sekunde 31.2, akimshinda Mfini mwenzake Ville Ritola kwa sekunde 0.2. Watu wengi wanasimulia kama muujiza. Haukuwa muujiza. Tarehe 19 Juni, wiki tatu kabla, Nurmi alikuwa amejaribu jambo hilohilo nyumbani Helsinki: mita 1500 kisha mita 5000 siku moja. Akavunja rekodi ya dunia katika zote mbili. Yaani alifika Paris anajua mwili wake utasema nini. Na alikuwa anakimbia na saa mkononi ili kasi ya mashabiki isimdanganye.

Tunachojifunza kwake ni vitu vitatu. Jaribu kwanza mazoezini kabla ya siku yenyewe. Mbio ya kwanza usiikimbie kwa sifa, toa kinachotosha tu. Ukimaliza usikae chini. Tembea, kimbia polepole dakika kumi au zaidi, maana asidi huondoka haraka zaidi mwili ukiwa unatembea kuliko ukiwa umelala kivulini. Kisha maji kidogo kidogo, ndizi au uji mwepesi, vaa sweta hata kama jua linawaka, na kabla ya mbio ya pili pasha misuli tena. Sahani ya ugali na maharage ngojea jioni, bwana.

Niyongabo na Kwizera

Wako watakaosema hao wote walikuwa na viwanja na viatu. Haya, twende Burundi.

Miaka ya nyuma Burundi haikuwa ndani ya familia ya Olimpiki, kwa hiyo Dieudonné Kwizera, mkimbiaji mzuri wa masafa ya kati, miaka yake bora ilipita bila kukimbia Olimpiki hata mara moja. Kosa halikuwa la miguu yake. Mlango ulikuwa umefungwa. Ulipofunguliwa kwa Atlanta mwaka 1996, Kwizera alikuwa na miaka 29 na nafasi ilikuwa finyu. Vénuste Niyongabo, kijana wa miaka 22 aliyetegemewa kupata medali ya mita 1500, akamwachia Kwizera nafasi yake katika mbio hiyo ili naye akimbie. Yeye akahamia mita 5000, mbio ambayo alikuwa hajaizoea kabisa.

Mnajua yaliyotokea. Tarehe 3 Agosti 1996 Niyongabo alishinda mita 5000 kwa dakika 13 na sekunde 7.96. Ikawa dhahabu ya kwanza ya Burundi, wakati nchi inaungua na watu wanavuka mpaka kila siku. Kwizera hakupata medali, ila alikimbia. Baada ya kungoja miaka yote ile, jina lake liliandikwa.

Sisi tunaipenda habari hii kwa sababu ya yule kijana. Angeweza kusema, "Kaka, wakati wako umepita." Hakusema hivyo. Alisogea, na kwa kusogea kwake hakupoteza kitu.

Walipokataa kukaa jukwaani

Mpaka miaka ya 1960 mtu aliyepita ujana hakuwa na shindano lake la riadha la kueleweka. Wakimbiaji wa makamo Marekani, Ulaya na Australia ndo wakaanza kujiandalia wenyewe. Mwaka 1975 yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya wakongwe mjini Toronto, Kanada. Mwaka 1977 wakaunda shirikisho lao. Utaratibu wao ni rahisi: ukifikisha miaka 35 unaingia, na mnapangwa kwa makundi ya miaka mitano mitano, 35 hadi 39, 40 hadi 44, na kuendelea hadi wazee wa miaka 90 na zaidi. Kila mtu anashindana na rika lake. Na katika mashindano madogo ya wakongwe ni jambo la kawaida mtu kukimbia mita 800 na mita 1500 siku hiyohiyo, kwa sababu siku ni chache na nauli ni ghali.

Matokeo mmeyaona. Bernard Lagat, mzaliwa wa Kenya aliyekimbilia Marekani, alikuwa wa tano katika mita 5000 kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akiwa na miaka 41. Muda wake ulikuwa dakika 13 na sekunde 6.78. Linganisheni na muda wa dhahabu wa Niyongabo kule Atlanta. Mzee wa miaka 41 alikimbia haraka zaidi.

Na katika Rio hiyohiyo ndipo ilipoonekana timu ya kwanza ya Olimpiki ya wakimbizi, wanamichezo kumi. Watano kati yao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini kutoka kambi ya Kakuma, waliofundishwa na Tegla Loroupe. Rose Nathike Lokonyen, wa mita 800, ndiye aliyebeba bendera. Wacongo wenzetu Popole Misenga na Yolande Mabika walicheza judo. Wengi wanawakumbuka vijana. Wachache wanamkumbuka Yonas Kinde, mkimbizi kutoka Ethiopia aliyekuwa anaishi Luxembourg, aliyekimbia marathoni akiwa na miaka 36. Kwa fomu za kwetu, huyu asingeruhusiwa hata kuzunguka uwanja.

Tunaomba nini

Hatuombi fedha nyingi. Ndugu wa mashirika, tunajua miradi ya vijana ina masharti yake, na hatutaki nafasi ya kijana hata mmoja ipunguzwe. Tunaomba mistari miwili iongezwe kwenye ratiba ya tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani: mita 800 na mita 1500 kwa wenye miaka 35 na kuendelea, wanaume na wanawake, kila mtu na rika lake, na ruhusa ya kukimbia zote mbili kwa anayejiweza.

Uwanja upo. Uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 60 una mzunguko wa mita 320. Mita 800 ni mizunguko miwili na nusu kamili. Mita 1500 ni mizunguko minne na mita 220. Kamba ya kupimia, vigingi vinne na simu yenye saa vinatosha. Mita 800 iwe saa moja asubuhi kabla ya jua, mita 1500 iwe saa kumi na nusu jioni; hapo katikati mwili umepata nafasi kuliko aliyopewa Nurmi. Wenye presha, kisukari au maumivu ya kifua wapite kwanza kituo cha afya wapimwe, na mhudumu mmoja awepo pembeni ya uwanja. Na kuanzia wiki ijayo, anayetaka kujaribu aanze taratibu: siku tatu kwa wiki, kutembea na kukimbia kwa zamu, kisha siku moja ajaribu mbio mbili ndogo, asubuhi na jioni, aone miguu inasemaje kesho yake.

Sisi vijana tunajitolea kupima uwanja, kushika saa na kuandika majina. Tutaandika majina yote, na sio ya watatu wa kwanza tu. Hill alifika Olimpiki miaka minne baada ya ile ya kwake kufutwa, Kwizera alifika karibu na mwisho, na wazazi wetu hawajafika bado. Waswahili wanasema kawia ufike.

Wenye miaka 35 na kuendelea, leteni majina yenu kwa wajitoleaji wa zoni zenu kabla ya mwisho wa mwezi. Wenye mama, baba, shangazi au mjomba asiyesoma ukurasa huu, msomeeni.